Maandazi ya Luz

Andazi la kwanza lilimuunguza ulimi. Shangazi yangu, Jael Minayo, alikuwa amezoea maandazi ya kwao Vihiga, yale ya pembe tatu ambayo mtoto huyatafuna huku akikimbilia shule, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba andazi jeupe, laini kama shavu la mtoto mchanga, linaweza kuficha moto tumboni. Aliuma nusu nzima kwa mara moja. Rojo la rangi ya chungwa lilimwagika likamchuruzika hadi kidevuni, tamu na la chumvi kwa pamoja, naye akaanza kuzunguka jikoni akipepea mdomo kwa viganja vyote viwili.

Luz alicheka hadi akashika ukingo wa meza.

"Unauma kidogo, unapuliza, ndipo unakula," alisema. "Wewe unakula kama mtu anayefukuzwa na polisi."

"Si ungeniambia mapema, Ate!"

"Ningekuambia, ningecheka nini?"

Hii ilikuwa Riyadh, mwaka wa 2014, jikoni kwa madam Huda, mwajiri wao. Luz alikuwa mpishi wa nyumba hiyo, mama wa Kifilipino aliyekaribia miaka hamsini, mfupi, mwenye mikono minene na miwani iliyofungwa kwa uzi. Jael alimwita Ate kwa sababu ndivyo Wafilipino wanavyomwita dada mkubwa, na kwa sababu kumwita mtu aliyemzidi umri kwa jina tupu kulimshinda. Walizungumza kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiarabu cha jikoni. Maneno yao nimeyaandika kwa Kiswahili, kama shangazi alivyonisimulia.

Jael aliondoka Kenya katika ile miaka ambayo maajenti walizunguka hadi kwenye masoko ya vijijini wakitafuta wasichana wa kwenda Uarabuni. Alikuwa akifundisha watoto wa chekechea karibu na Mbale, shule ikafungwa. Kaka yake, yaani baba yangu, alikuwa ameumia mgongo kwenye mjengo na hakuweza kuinua hata ndoo ya maji. Basi Jael akaenda kama walivyokwenda wengi: pasipoti mpya, vipimo vya damu, picha ndogo ambayo macho yamemtoka, na ahadi ya kurudi baada ya mkataba mmoja.

Alisafiri pia na jambo moja ambalo halikuandikwa kwenye karatasi yoyote. Nyumbani kwetu, mkubwa hakosolewi mbele ya wageni. Nyanya yangu aliwalea watoto wake hivyo, na hakuwa na mzaha. Siku moja, Jael akiwa darasa la sita, wageni wa kanisa walikuja, na nyanya akawaambia kwa furaha kwamba mwanawe wa kiume ameongoza darasa. Aliyeongoza alikuwa Jael. Jael alikuwa palepale, ameshika birika. Aliendelea kumimina chai. Wageni walipoondoka alimweleza mama yake taratibu, na nyanya akamkumbatia, akamwambia, "Umenitunzia heshima yangu." Shangazi anasema alikaa na kumbatio hilo mwilini kwa miaka mingi. Lilimfundisha kwamba ukweli unaweza kusubiri wageni waage, na hautapungua kitu.

Katika nyumba ya madam Huda, Jael alipewa sakafu, nguo na watoto. Jikoni lilikuwa la Luz. Hawakugombania mipaka. Jioni, kazi ya watoto ikiisha, Jael aliingia jikoni kusaidia kukausha vyombo, na hapo ndipo alipomfahamu Angelica, binti ya Luz, aliyekuwa akisomea uuguzi kwao. Luz aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari, akaosha sufuria huku akizungumza na uso wa mwanawe. Mikono ilijaa povu hadi kwenye viwiko, na mazungumzo hayakukatika. Alimkaripia, alimchekesha, alimsikiliza akisoma majina ya mifupa. Baada ya miezi michache Jael naye aliyajua majina hayo, na Angelica akawa anaita, "Auntie Jael yuko wapi? Mwambie asimame nimwone."

Madam Huda hakukataza simu. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na moyo wa kawaida, mwenye kukasirika haraka na kusahau haraka zaidi. Lakini alikuwa na dada yake Jeddah, madam Samira, na nyumba ya madam Samira ilijulikana. Huko simu ya mfanyakazi ilikaa ndani ya droo ya madam. Wasichana waliingia na kutoka, na hakuna aliyemaliza mkataba. Luz aliitaja nyumba hiyo kwa kushusha sauti.

"Mimi nimebakiza kidogo," alimwambia Jael. "Angelica akivaa ile kofia ya uuguzi, nitakuwa nimekaa mstari wa mbele. Nimemwambia nitavaa nguo ya njano ili anione."

Maandazi yale ya mvuke Luz aliyajifunza Hong Kong, alikofanya kazi kabla ya kuja Saudia. Hayakuwa ya kila siku. Yalianzia kwenye mayai, na mayai yalitaka subira. Huko Hong Kong hutumia mayai ya bata. Luz alimtuma Justus, dereva wa nyumba, Mkamba wa Kitui ambaye hakuwahi kukosa neno, aulize kwenye maghala ya Al-Sulay, ambako alikuwa na marafiki walinzi na wapakiaji.

"Bata mafi," Justus alisema aliporudi, akimaanisha hakuna. "Kuna kuku, kuna njiwa, kuna mpaka ngamia. Nikuletee yai la ngamia?"

"Ngamia hatagi, Justus."

"Kwa pesa za madam atataga."

Basi wakatumia mayai ya kuku. Luz alichemsha maji na chumvi nyingi, akayaacha yapoe kabisa, akayapanga mayai mabichi ndani ya mtungi wa kioo, akayamwagia maji yale, kisha akayakandamiza kwa kisahani ili yasielee. Mtungi ukaingia chini ya sinki, gizani, kwa muda wa mwezi mzima na zaidi. Ukilivunja yai hilo baadaye, ute ni maji matupu, lakini kiini kimekuwa kigumu, chekundu, kinang'aa kama utomvu uliokauka kwenye gome la mti. Viini hivyo Luz alivipika kwa mvuke, akavisaga kwenye chujio vikiwa moto, akachanganya na siagi, sukari, maziwa ya unga na unga wa kastadi. Rojo hilo likishikamana alilifinyanga kuwa gololi na kuzigandisha kwenye friza. Hapo ndipo ilipokuwa siri yote. Gololi iwe ngumu kama jiwe wakati unaifungia ndani ya unga. Mvuke utaiyeyusha ndani kwa ndani, na nje hakuna atakayejua.

Kufunga kulimpa Jael taabu. Mikono yake ilijua chapati.

"Unasukuma mpaka wapi?" Luz alimuuliza. "Hii si chapati. Katikati iwe nene, pembeni iwe nyembamba. Ukiifanya sawasawa kote, tumbo litapasuka."

"Na nikikosea?"

"Utakula yaliyopasuka. Ndivyo mimi nilivyonenepa."

Jael alijifunza. Alijifunza kukanda unga hadi uwe laini kama ngozi ya sikio, kuufunika hadi uumuke, kukunja ncha na kuzibana, kuvingirisha kifuniko kwa kitambaa ili matone ya mvuke yasiyatoboe maandazi, na kuzima moto kisha kungoja kabla ya kufungua, kwa sababu ukifungua kwa pupa yanasinyaa kama puto. Kiini na rojo aliviacha kwa Luz. Hakuona haja ya kuharakisha. Mpishi yupo.

Mwaka wa 2016, mwishoni mwa mwezi wa Shaabani, Ramadhani ikikaribia, madam Samira alikuja Riyadh kumtembelea dada yake, na madam Huda akaalika wanawake wa ukoo na majirani baada ya swala ya alasiri. Aliagiza maandazi ya mvuke. Gololi zilikuwa tayari kwenye friza. Luz alizitengeneza wiki iliyotangulia. Lakini asubuhi hiyo, akiosha ua, Luz aliteleza kwenye povu la sabuni, akaangukia mkono wa kulia. Kifundo kilivimba kikawa kama kiazi.

"Nitamwambia madam," Jael alisema.

"Mwambie nini? Wageni ishirini waje wakute mpishi analia? Leta unga. Wewe mikono, mimi mdomo."

Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mkono umefungwa kwa taulo yenye barafu, akaongoza kila kitu. Ongeza maji. Acha. Kanda tena. Hiyo umeibana vibaya, irudie. Jael alikanda, akagawa madonge, akafunga, akapanga kwenye vyombo vya mvuke. Yalipoiva, Luz alilichagua moja, akalipasua kwa mkono wa kushoto, na rojo likatoka polepole, zito, linang'aa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Peleka yakiwa moto. Habari ya mkono usimwambie sasa. Wageni wakiondoka nitamwambia mwenyewe."

Jael akalibeba sinia hadi kwenye majlisi, sebule ya wageni. Kwa muda mfupi hakukusikika kitu ila pumzi za wanawake wakipuliza. Kisha kikaanza kicheko cha mshangao, mmoja akafuta kidevu, mwingine akaita Mashallah, mwingine akanyoosha mkono kuchukua la pili kabla hajamaliza la kwanza.

"Huda!" madam Samira alisema. "Haya umeyanunua wapi?"

"Kununua? Yametoka jikoni kwangu sasa hivi."

Madam Samira akainua macho akamtazama Jael, ambaye bado alikuwa na unga hadi kwenye viwiko. "Ni wewe?"

Kabla Jael hajafungua mdomo, madam Huda alimjibia, kwa fahari kama ya mama.

"Ni Jael wangu! Alipokuja hapa hakujua hata kuwasha oveni. Mtazameni sasa. Amejifunza kila kitu."

Wageni wakambariki mikono. Jael akashusha macho.

"Asante, madam," alisema.

Hilo tu. Alikuwa na maneno mengine tayari kichwani, mafupi na mepesi: ni kazi ya Ate Luz, mimi nimefunga tu. Aliyahifadhi. Madam alikuwa amesema mbele ya watu, naye hangeweza kumgeuza mwongo mbele ya dada yake na majirani zake. Wageni wakiaga, angemweleza taratibu jikoni, na madam angecheka.

Madam Samira alilamba kidole. "Basi una wapishi wawili, Huda, na mimi dada yako nakula vya hoteli. Mfilipino wa nini tena kwako? Nipe mimi."

"Mpe, Huda!" mama mmoja akachombeza. "Utamnyima dada yako?"

Wanawake wakacheka. Madam Huda naye akacheka, akaweka kiganja kifuani.

"Unaniomba? Ni wako. Mchukue."

Jael alisimama na sinia. Shangazi anasema kwamba mpaka leo anaukumbuka uzito wake, maana lilikuwa limebaki karibu tupu na bado lilimlemea. Mgeni mmoja alitaka leso. Akaenda kuleta leso.

Wageni walipoondoka alimkuta madam akivua bangili, akamweleza yote: mayai, gololi, Hong Kong, mkono uliovimba, mdomo uliokuwa juu ya ndoo. Alieleza kwa haraka hadi akakosa pumzi. Madam Huda alisikiliza, na uso wake ukapoteza kicheko kidogo kidogo.

"Kwa nini hukusema palepale?"

"Kulikuwa na wageni, madam."

Madam aliiweka bangili ya mwisho mezani. "Na mimi pia," alisema hatimaye, "kulikuwa na wageni. Nimempa dada yangu mbele ya ukoo mzima. Nitarudishaje neno? Halas, Jael, yamekwisha."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wawili hao walilelewa mbali sana, lakini kila mmoja alimwelewa mwenzake vizuri mno, na katikati ya kuelewana kwao Luz akapotea.

Alipopata habari, Luz alikuwa akiosha vyombo kwa mkono mmoja. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Alipouliza ni nani ametengeneza, wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu, Ate. Nilisema asante."

"Asante," Luz alirudia, kana kwamba alikuwa akilionja neno lenyewe. Akakausha mkono, akaichukua simu kwenye kopo la sukari, akaenda chumbani kumpigia Angelica. Kesho yake aliondoka na madam Samira kwa ndege. Mlangoni alimshika Jael shavu, akamwambia jambo moja: "Mtungi mpya uko chini ya sinki. Usiutoe mapema." Justus alipakia sanduku lake kwenye gari bila utani wowote.

Kuanzia hapo jikoni likawa la Jael. Alipojaribu kumpigia Luz, simu ilikuwa imezimwa. Angelica alituma ujumbe mara moja: Auntie, mama yuko wapi? Jael aliandika majibu mengi akayafuta yote, mwishowe akatuma kwamba mama amehamia Jeddah na yuko salama. Hakujua kama yuko salama.

Moyo wa madam Huda pia haukutulia. Katikati ya Ramadhani aliingia jikoni akasimama karibu na friji bila kufungua.

"Sikukuu tutakuwa Jeddah," alisema. "Utatengeneza yale maandazi kwa dada yangu. Akiwa amefurahi, nitamwomba anirudishie Luz. Nitasema nimekosa mtu wa kunisaidia na watoto. Hawezi kuninyima mbele ya mama yetu."

"Mbele ya watu, madam?"

"Mbele ya watu," madam alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile walitazamana wakatabasamu.

Jael aliishi na tumaini hilo kama mtu anayebeba yai mkononi. Aliutoa mtungi chini ya sinki. Mayai hayakuwa yametimiza muda wake, safari ilikuwa inakaribia, akajiambia yanatosha. Viini vilikuwa vimeshikamana pembeni, na katikati bado ni laini. Akavipika, akavichuja, akafinyanga gololi zake mwenyewe kwa mara ya kwanza, akazigandisha na kuzipakia kwenye kisanduku cha barafu. Familia ilisafiri kwa magari mawili. Mume wa madam aliendesha moja. Justus aliendesha la pili, akiwa na Jael, watoto na mizigo. Njia nzima Jael alikiweka kisanduku kati ya miguu yake.

"Hata mtoto mchanga habebwi hivyo," Justus alimtania.

"Endesha, Justus. Na usifunge breki ovyo."

"Ate akirudi, mimi nataka sita. Na nisile yaliyopasuka, nimechoka kuwa wa yaliyopasuka."

Walipofika nyumba ya madam Samira, aliyefungua mlango wa jikoni alikuwa msichana wa Kihindi ambaye Jael hakumjua. Jael alichungulia nyuma yake. Hakuuliza. Aliweka gololi kwenye friza, akaanza kukanda unga, masikio yake yote yakiwa sebuleni, ambako madam Huda alikuwa ameanza kwa salamu ndefu.

"Na Luz?" madam Huda aliuliza hatimaye. "Simwoni."

"Luz!" Sauti ya madam Samira ilipanda. "Usinitajie. Alitoka kutupa takataka hakurudi. Nimeshamripoti. Kibali chake cha kuishi, ile ikama, sasa ni plastiki tu. Ulinipa mtu gani, Huda?"

Jael aliendelea kukanda. Unga ulikuwa umeshalainika, lakini hakujua afanye nini kingine kwa mikono. Madam Huda alikuja akasimama mlangoni, akamtazama, akarudi kwa dada yake. Aliyeripotiwa kwamba ametoroka harudishwi kwa dada kumwomba dada, hata mbele ya mama yao. Wote wawili walilijua hilo.

Justus ndiye aliyeleta habari. Alikuwa akilala mtaa wa Ruwais kwa Hezekiah, Mkenya mwenzake anayefanya kazi bandarini, katika jengo la zamani ambalo kila mlango una viatu vya nchi tofauti. Ghorofa ya juu waliishi wanawake wa Kifilipino waliofanya usafi wa nyumba za watu kwa vibarua, kimyakimya. Jioni ya pili alikuja na uso usio wake.

"Nimemwona Ate," alisema. "Yuko hai, ana afya. Amekonda kidogo."

Jael hakuwa na ruhusa ya kutoka. Alipika maandazi mengine, akachagua yaliyofungika vizuri, akayapanga ndani ya kopo la biskuti na kulivingirisha kwa taulo ili yafike yakiwa moto.

"Mpe mkononi mwake. Halafu unipigie, umpe simu niseme naye. Umesikia, Justus?"

"Nimesikia, dada."

Alisubiri na simu mfukoni mwa aproni. Haikulia. Kesho yake asubuhi Justus alirudisha kopo, limeoshwa, limekaushwa, taulo limekunjwa ndani.

"Alikula?"

"Alikula moja mbele yangu. Aliuma kidogo, akapuliza." Justus alikuna shingo. "Akasema mayai uliyatoa mapema."

"Halafu?"

"Akasema chumvi bado haijaingia katikati."

"Justus, sikuulizi chumvi. Nilikuambia umpe simu."

"Nilimpa. Nilimwambia, ongea na Jael, yuko tayari." Aliangalia chini. "Alikuwa anaosha vyombo. Akasema hawezi kushika, mikono ina maji."

Jael alilipokea kopo. Justus alidhani ameleta jibu la kawaida, akaenda kuosha gari. Hakuwahi kukaa jikoni kule Riyadh jioni, wala kumwona Luz akiongea na simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari.

Angelica alivaa kofia ya uuguzi mwaka uliofuata. Jael aliiona picha aliyotumiwa: kwenye mstari wa mbele, kiti kimoja kilikuwa kimetandikwa kitambaa cha njano. Luz alirudi kwao baadaye, wakati wasiokuwa na karatasi walipopewa nafasi ya kuondoka bila adhabu. Hakumwandikia Jael. Jael alimwandikia mara nyingi kupitia kwa Angelica, akiomba msamaha, na Angelica alijibu kwa adabu kwamba amemsomea mama.

Shangazi alirudi Vihiga mwaka wa 2018. Ana kibanda cha chai karibu na stendi, na anapika chapati na maandazi ya kawaida. Yale ya mvuke huyapika mara chache, ingawa hapa mayai ya bata yamejaa kwa majirani, na mtungi wake hukaa gizani mwezi mzima na zaidi. Haufungui mapema. Ukimharakisha anakukazia macho.

Mwaka jana aliyapika kwa ajili ya harusi ya binamu yangu. Niliyabeba mimi, nikawaonya wazee wapulize, na wengine hawakusikia, wakaruka kwenye viti vyao huku vijana wakicheka. Mchungaji Nehemiah, mzee wetu anayeheshimika kuliko wote pale, alisimama na kipaza sauti, rojo likiwa bado limembaki kwenye ndevu.

"Wapendwa, nataka tumpigie makofi dada yetu Jael. Mikono hii imebarikiwa. Mambo haya ameyabuni mwenyewe huko ugenini!"

Nilimwona shangazi akiinuka nyuma ya meza. Alikuwa ameshika sinia.

"Hapana, Mchungaji," alisema kwa sauti, na hema lote likageuka. "Umekosea. Si yangu. Ni ya Luz. Mimi nafunga tu."

Kwetu mtu hamwambii mchungaji kwamba amekosea, na hasa mbele ya wakwe. Kisha Mchungaji Nehemiah akacheka, akatikisa kichwa kwa upendo.

"Mnaona unyenyekevu huo?" akawauliza watu. "Mnaona mwanamke aliyelelewa vizuri?"

Wakapiga makofi mara mbili ya yale ya kwanza. Wanawake walipiga vigelegele. Shangazi alibaki amesimama, mdomo wazi, akijaribu kulirudia lile jina, lakini muziki ulikuwa umeshawekwa.